Kwa nini mama wa mstari wa nyuma hakuonekana katika picha



Wiki hii nitaandika juu ya picha. Najua wengine mtacheka: mwalimu ameacha chaki, sasa ameshika aparei! Subirini kidogo. Jambo hili limetugusa sisi wenyewe katika kikundi chetu, na mwishoni litaturudisha darasani kwa watoto wetu.

Mnakumbuka Machi 8 ya mwaka juzi. Tulikuwa tumeshona kikwembe cha aina moja, tumejiandaa kuandamana tangu asubuhi. Mvua ikatunyeshea. Tukajibana chini ya mabati, tukasubiri, tukaimba, tukasubiri tena. Ilipokatika, ilikuwa saa kumi na moja jioni na jua limekwisha kujificha nyuma ya milima. Kijana mpiga picha, ambaye tulimlipa kwa pesa ya kikundi, akatupanga haraka mistari mitatu. Wazee wetu wakaketi kwenye viti, wengine wakasimama nyuma yao, na wale warefu wakapanda juu ya benchi nyuma kabisa. Akabonyeza mara mbili tatu, tukaenda nyumbani tukiwa tumeloa lakini tuna furaha.

Baada ya wiki moja alileta picha, kubwa, ndani ya fremu. Mstari wa mbele ulipendeza sana: ungeweza kuhesabu maua ya kikwembe, hata nyuzi za mshonaji. Mstari wa pili ulikuwa na ukungu kidogo. Mstari wa tatu, vichwa vilikuwa kama viko nyuma ya moshi wa jiko. Tulinung'unika kidogo, tukasema: «Si kitu, mwaka ujao tutapiga nyingine.»

Mmoja wa mama wa mstari ule wa tatu hakuufikia mwaka ujao. Sitataja jina lake, maana watoto wake wanasoma gazeti hili. Alikuwa akiuza ndagala, na katika likirimba yetu hakuna siku aliyochelewa. Mwezi wa nane aliugua, akatuacha. Watoto walipotafuta picha ya kuweka juu ya sanduku, hawakupata. Picha za ujana wake zilipotea mwaka 1996, familia ilipokimbia vita na kuvuka ziwa kwenda Kigoma, kama familia nyingi za Fizi. Picha ya kadi ya mchaguzi ilikuwa ndogo na imefifia. Ikabaki ile ya Machi 8. Wakaipeleka ikuzwe. Kadiri ilivyokuzwa, ndivyo uso ulivyozidi kuyeyuka. Tulimzika mama yule na picha ambayo tulimtambua kwa kikwembe na kwa urefu wake.

Kitinda mimba wake alikuwa mwanafunzi wangu, darasa la sita. Siku moja baada ya masomo alibaki, akaniuliza: «Mwalimu, kwa nini aparei ilimkataa mama?»

Sikuwa na jibu. Mwalimu asiyejua hujifunza, wala si haya. Nikauliza wapiga picha wa Baraka, nikasoma, nikaazima kamera ya mwenzangu na kujaribu mwenyewe, nikipanga chupa tatu juu ya ukuta wa uwanja kama mama watatu. Leo nawaletea jibu, na ndilo nililompa mtoto yule: kamera haikumkataa mama yako. Tundu lake lilikuwa limefunguliwa sana.

Sindano, uzi na jua

Tuanze na kitu ambacho kila mama anakijua. Ukifika miaka arobaini na kitu, uzi unaanza kukataa kuingia katika sindano. Unafanya nini? Unatoka nje, unasimama juani, unakunja macho, na uzi unaingia. Wengi tunafikiri ni kwa sababu ya mwanga tu. Mwanga unasaidia, lakini kuna jambo lingine.

Katikati ya jicho kuna mboni, lile doa jeusi. Mboni ni tundu. Gizani linapanuka, na kwa kijana linaweza kufika milimita 7 au 8. Juani linabana hadi kama milimita 2. Tundu likibana, vitu vya karibu na vya mbali vinaonekana wazi zaidi kwa pamoja. Ukikunja macho unalibana zaidi kwa kope. Kwa hiyo mama anayetunga uzi juani anafanya kazi ileile ambayo mpiga picha anaifanya anapofunga tundu la kamera yake.

Jaribuni nyumbani. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kitoboe kwa sindano, tundu moja dogo tu. Mwenye kutumia miwani aivue. Shika maandishi madogo, kwa mfano yale ya pakiti ya dawa, karibu na uso hadi yawe na ukungu. Sasa funga jicho moja, na kwa jicho lingine tazama maandishi yale kupitia tundu. Mahali penye mwanga mwingi utashangaa: herufi zinarudi. Hakuna kioo katika karatasi ile, hakuna dawa. Kuna udogo wa tundu tu.

Kwa nini tundu dogo linasafisha picha

Fikirini ncha ya pua ya mama mmoja aliyesimama mbele ya kamera. Nuru inayotoka pale inatawanyika, na sehemu yake inaingia kupitia tundu lote la kamera. Ndani, kioo kinachoitwa lenzi kinaikusanya nuru ile mpaka ikutane tena kwenye nukta moja, pale kamera inapoipokea picha. Umbo lake ni kama ile koni ya karatasi ya kuuzia karanga: upande mmoja mdomo mpana, upande mwingine ncha. Mdomo ni tundu la kamera, ncha ni nukta ya pua.

Shida ni hii: kwa wakati mmoja, lenzi inaweza kukutanisha sawasawa nuru ya umbali mmoja tu, ule ambao mpiga picha ameulenga. Ya mtu aliye mbele au nyuma ya umbali ule, ncha ya koni inaangukia pengine. Badala ya nukta, inachoreka duara ndogo. Pua inakuwa duara, jicho duara, ua la kikwembe duara. Duara zinapandana, na sura inayeyuka.

Sasa chukueni koni mbili zenye urefu mmoja, moja yenye mdomo mpana, nyingine nyembamba kama penseli. Zikateni zote mbili mahali palepale, kidole kimoja kutoka kwenye ncha. Ile pana itaacha duara kubwa, ile nyembamba itaacha duara ndogo. Duara ikiwa ndogo sana, jicho letu haliitofautishi na nukta, nasi tunasema picha ni wazi. Hiyo ndiyo siri yote. Tundu likiwa dogo, koni zote ni nyembamba, na hata wale ambao hawakulengwa wanaonekana vizuri.

Lile eneo kutoka mtu wa karibu anayeonekana wazi hadi mtu wa mbali anayeonekana wazi, tuliite kina cha picha. Tundu kubwa linafupisha kina. Tundu dogo linakirefusha.

Namba zinazodanganya

Katika kamera zenye lenzi ya kubadilisha, tundu linafunguliwa na kufungwa kwa vipande vyembamba vya chuma. Chombo hicho wanakiita diafragma. Ukubwa wake unaandikwa kwa namba: 2, kisha 2,8, kisha 4, 5,6, 8, 11, 16. Hapa ndipo wengi wanapopotea, maana namba ndogo ni tundu kubwa, na namba kubwa ni tundu dogo.

Si ajabu, ni kugawanya tu, hesabu ya darasa la tatu. Mkate mmoja ukigawanywa kwa watu 2, kila mmoja anapata kipande kikubwa. Ukigawanywa kwa watu 16, kila mmoja anaambulia kipande kidogo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa kwenye namba 2, tundu lake ni 50 kugawanya kwa 2, yaani milimita 25, karibu upana wa kifuniko cha chupa ya soda. Ikiwekwa kwenye namba 16, tundu linabaki milimita 3 na kitu, kama tobo la msumari kwenye bati.

Turudi sasa kwenye picha yetu. Tuseme mstari wa mbele ulikuwa mita 4 kutoka kwenye kamera, wa pili mita 4 na sentimita 80, wa tatu mita 5 na sentimita 60. Tuchukue ile lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya kipimo cha filimu ya milimita 35. Kijana akilenga wazee walioketi mbele, tundu likiwa namba 2, hesabu inatoa kwamba sehemu iliyo wazi inaanzia karibu mita 3 na sentimita 65 na kuishia karibu mita 4 na sentimita 40. Haifiki hata mita moja! Mstari wa pili tayari uko nje kidogo. Mstari wa tatu uko nje kwa zaidi ya mita moja. Ndivyo picha yetu ilivyokuwa.

Kamera ileile, mama walewale, lakini tundu namba 8 na kulenga mstari wa kati: sehemu iliyo wazi inaanzia karibu mita 3 na sentimita 30, inakwenda hadi karibu mita 9. Mistari yote mitatu imo, na hata mti ulio nyuma yao.

Kuna mambo mengine mawili yanayogusa kina cha picha. La kwanza ni umbali. Ukimsogelea mtu sana, kina kinafupika. Ukirudi nyuma hatua chache, kinarefuka. La pili ni lenzi yenyewe. Lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali ina kina kifupi kuliko lenzi fupi, mpiga picha akiwa amesimama palepale na tundu lina namba ileile.

Kila kitu kina bei yake

Basi kwa nini kijana wetu hakutumia namba 8? Nilimuuliza, bila ukali. Alinijibu vizuri: «Mwalimu, giza lilikuwa linaingia.» Alikuwa na sababu.

Tundu dogo linaingiza nuru kidogo. Kila hatua katika zile namba, kutoka 2 hadi 2,8, kutoka 2,8 hadi 4, inapunguza nuru kwa nusu. Kutoka 2 hadi 8 ni hatua nne: nusu ya nusu ya nusu ya nusu. Nuru inabaki sehemu moja ya 16. Ili picha isitoke nyeusi, kamera lazima ikae wazi muda mrefu zaidi. Kama kwa namba 2 ilitosha sehemu moja ya 250 ya sekunde, kwa namba 8 itahitaji karibu sehemu moja ya 15 ya sekunde. Kwetu ni kufumba na kufumbua, lakini katika muda ule mama mmoja anageuza kichwa, mtoto anacheza miguu, mkono wa mpiga picha unatikisika. Picha inapata ukungu wa namba nyingine, ule wa kutikisika.

Sisi wa upande huu wa ziwa tunajua kwamba jua letu linatoka upande wa maji na kuzama nyuma ya milima, hivyo kivuli kinatufikia mapema kabla ya usiku. Mwezi wa tatu, mawingu yanaongeza giza. Kosa letu la kwanza halikuwa la kijana. Sisi wenyewe tulipanga picha iwe kazi ya mwisho ya siku.

Wapo waliolishinda giza kwa kuleta nuru yao wenyewe. Jean Depara, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufa mwaka 1997, alipiga picha za starehe za usiku za Kinshasa katika miaka ya 1950 na 1960 kwa kutumia flashi. Flashi inatoa nuru kali kwa muda mfupi sana, na kwa hiyo inamruhusu mpiga picha kufunga tundu hata usiku. Lakini nguvu yake inapungua haraka kadiri watu wanavyokuwa mbali: aliye mara mbili mbali anapata robo tu ya nuru. Katika kundi kubwa, mbele wanang'aa, nyuma wanabaki gizani. Kwa watu wengi, mchana bado ni bora.

Sanduku la maskini na mama wa bustani

Msidhani kwamba uwazi wa picha ni wa wenye pesa. Mwaka 1900, kampuni ya Kodak ilianza kuuza Marekani kamera inayoitwa Brownie, sanduku dogo la dola moja. Haikuwa na kitu cha kulengea. Tundu lake lilikuwa dogo, na kwa sababu hiyo kila mtu aliyesimama hatua chache mbele yake alitoka wazi wa kutosha, pamoja na nyumba iliyo nyuma, mradi jua liwepo. Watoto waliweza kuitumia. Mmoja wao alikuwa Mohamed Amin wa Kenya, aliyezaliwa mwaka 1943. Alianza utotoni na sanduku la Brownie lililokwisha kutumika. Ni yeye ambaye mwaka 1984 alionyesha dunia njaa ya Ethiopia, na watu wa nchi nyingi wakaguswa, wakatoa msaada.

Yupo pia mama mmoja ambaye napenda mumjue. Imogen Cunningham, Mmarekani, alizaliwa mwaka 1883. Alikuwa na wana watatu, wawili wao mapacha. Watoto walipokuwa wadogo hakuweza kwenda mbali kutafuta picha, kwa hiyo alipiga maua ya bustani yake huku akiwaangalia. Mwaka 1932, huko San Francisco, yeye na wenzake, akiwamo Ansel Adams, walianzisha kikundi. Siku zile wapiga picha wengi walipenda picha zenye ukungu kama michoro. Hawa walitaka kila jani lionekane. Wakaita kikundi chao f/64, maana 64 ilikuwa moja ya namba za tundu dogo kabisa katika kamera zao kubwa. Yaani namba ya tundu iligeuka kuwa jina la chama! Nasi wa vikundi tunaelewa: jina la chama linasema mnachokitaka.

Na simu zetu je?

Wengi wetu leo tunapiga picha kwa simu. Lenzi ya simu ni fupi mno, milimita chache tu, na tundu lake kwa simu nyingi halibadiliki. Kwa kuwa lenzi ni fupi, kina chake ni kirefu chenyewe. Simu ya kawaida, mchana, itawaonyesha mama wa mistari yote mitatu. Wakati mwingine simu ya mama muuza mboga inafanya kazi ya kundi vizuri kuliko kamera kubwa iliyofunguliwa tundu.

Lakini chungeni kitu kimoja. Simu za sasa zina njia inayoandikwa «portrait». Njia hii inajaribu kuiga tundu kubwa. Simu inakisia nani yuko mbele na nani yuko nyuma, kisha inapaka ukungu kwa hesabu, si kwa nuru. Kwa mtu mmoja inapendeza, ingawa mara nyingi inakosea kwenye nywele na kwenye ncha za kitambaa cha kichwa. Kwa kundi ni hatari: mama wa nyuma anaweza kupakwa ukungu akiwa hai na anatabasamu. Na ukungu ukiwa umekwisha kuingia katika picha iliyohifadhiwa, mara nyingi hautoki. Kuikuza picha hakurudishi sura ambayo haikuingia.

Sisemi kwamba ukungu ni mbaya siku zote. Vijana wanauita «flu», na una kazi yake. Mtoto wako amepata diploma, amesimama barabarani, nyuma kuna pikipiki, mitungi na nguo zimeanikwa. Tundu kubwa, kamera karibu, lenga jicho lake: vurugu yote inakuwa rangi laini, uso wake peke yake unabaki. Hiyo ni picha nzuri. Swali la kujiuliza ni moja: katika picha hii, nani anatakiwa kuonekana? Kama ni mmoja, tundu likubali kuwa kubwa. Kama ni wote, tundu lifungwe.

Mtoto anayekunja macho

Nilisema tutarudi darasani. Nilipokwisha kuelewa habari ya tundu, niliwatazama wanafunzi wangu kwa jicho lingine. Kulikuwa na msichana mmoja kwenye benchi la nyuma ambaye nilikuwa nikimgombeza. Nikiandika ubaoni, anakunja uso na macho kama amekasirika. Nilidhani ana dharau. Siku ile nilitambua: mtoto huyu anafunga tundu lake. Jicho lake haliulengi ubao, kwa hiyo anabana kope apate kina. Anafanya kama mama na sindano, lakini yeye ana miaka kumi na mmoja.

Nilimhamishia mbele siku ileile. Nilimwomba mama yake ampeleke akapimwe macho. Nilimwomba pia msichana mwenyewe msamaha.

Mama, mtazameni mtoto wako. Anakunja macho akitazama mbali? Anasogelea sana daftari au televisheni? Anakosea kunakili ubao lakini anajibu vizuri ukimuuliza kwa mdomo? Analalamika kichwa kinauma baada ya masomo? Usimpige, usimwite mvivu. Mwambie mwalimu amkalishe mbele, na umpeleke kwenye kituo cha afya uulize wapi wanapima macho. Wauguzi wa macho wenyewe wanatumia tundu dogo: mgonjwa akiona vizuri zaidi kupitia tundu, mara nyingi ni dalili kwamba miwani itamsaidia. Akiwa haoni vizuri hata kwa tundu, ndiyo sababu zaidi ya kutafuta mganga wa macho haraka. Na msimnunulie mtoto miwani ya sokoni kwa kukisia. Ya shangazi si lazima imfae.

Kabla ya picha ya kikundi

Mwaka jana, Machi 8, tulifanya hivi, na nawaomba vikundi vingine vifanye vilevile:

Tulipiga picha saa tatu asubuhi, kabla ya maandamano, kabla ya mvua na kabla ya jasho.

Tulisimama kwenye kivuli chepesi cha ukingo wa mwembe, penye anga wazi mbele yetu. Juani kabisa watu wanakunja nyuso, ndani kabisa ya kivuli nuru haitoshi.

Tulisogeza mistari iwe karibu karibu. Kila hatua mliyoipunguza kati ya mstari na mstari ni hatua ambayo kamera haihitaji kuitafuta.

Mpiga picha alirudi nyuma kidogo, akaweka namba 8, akalenga nyuso za mstari wa kati. Sehemu iliyo wazi inakwenda mbele na nyuma ya pale ulipolenga, na nyuma inakwenda zaidi. Ukilenga mstari wa mbele kabisa, unaipoteza bure sehemu ya mbele ambako hakuna mtu.

Tulitulia. Tulihesabu moja, mbili, tatu, bila kucheka, kisha tukacheka baadaye.

Halafu jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: kabla hatujatawanyika, mzee wetu mmoja wa viti vya mbele aliinuka, akamwendea mpiga picha, akamwambia: «Mwanangu, nikuzie nione nyuso za nyuma.» Kijana akakuza kwenye kioo cha kamera, akasogeza polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Tuliwaona wote, mmoja mmoja. Mpiga picha alikuwa yuleyule wa mwaka juzi. Hatukumfukuza. Hakuna aliyekuwa amemfundisha, nasi hatukuwa tumejua cha kumwuliza.

Picha ile iko ukutani, mahali tunapokutanikia. Mtoto wa marehemu alikuja kuitazama mwezi uliopita. Alisimama mbele yake kwa muda, akawataja mama wa mstari wa tatu kwa majina, wote, akaniuliza tundu lilikuwa namba ngapi. Nikamwambia 8. Akasema: «Basi mwaka ule mngeweka 8.»

Ndiyo, mwanangu. Tungeweka 8. Ndiyo maana nimeandika haya.

Mama wapendwa, Machi 8 haiko mbali, na kabla yake kuna ndoa, ubatizo na sherehe za diploma. Kila nyumba ina mtu anayesimama nyuma kwa sababu ni mrefu, au ana haya, au anashika mtoto wa mwenzake. Siku ya picha, mpiga picha kabla hajaondoka, mwulizeni awaonyeshe uso wake.